Mashine Inauliza Jina

Mjomba wangu wa Wete amehifadhi daftari la baba yake, yaani babu yangu mzaa mama. Ndani yake mna utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino mweusi, karatasi zimeshageuka rangi ya chai. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake anayeusoma bila kukwama. Lakini presha ya macho imeshamchukulia jicho la kushoto, na la kulia linaona herufi kubwa tu, tena mchana wenye jua. Kwa hiyo tulipokubaliana kuuchapisha utenzi huo, muda tuliokuwa nao ulikuwa ni muda wa jicho hilo moja.

Binamu yangu aliyeko Muscat alizipiga picha kurasa zote alipokuja likizo, akarudi nazo, akazichapa kwenye kompyuta kwa herufi zilezile za Kiarabu. Alitumia LaTeX kwa sababu ndiyo aliyoizoea chuoni. Akanitumia kwa WhatsApp faili moja dogo la kilobaiti chache, pamoja na maelezo: lifungue, kuza herufi, toa kwenye karatasi, mpe mzee asahihishe. Kwake lilikuwa limefanya kazi vizuri kabisa. Kwangu, barazani kwa mjomba, lilikwama kabla ya ukurasa wa kwanza.

Kompyuta ilisema, kwa Kiingereza, kwamba kuna kosa: faili liitwalo arabxetex.sty halikuonekana. Chini yake ikanipa hiari. Niandike X kama nataka kutoka, au niandike jina jingine la faili. Kisha ikatulia, kishale kinapepesa.

"Inasemaje?" mjomba akauliza.

"Inauliza jina, mjomba."

"Jina la nani?"

Nilimwambia ni jina la faili, naye akanitazama kwa jicho lake moja kama mtu aliyejibiwa nusu. Nusu iliyobaki ilinichukua siku tatu.

Anayeandika kwa programu za kawaida za ofisi huona umbo la maandishi palepale anapoandika. LaTeX haiendi hivyo. Unaandika maneno matupu, na katikati yake unatia amri zinazoanza na mkwaju ulioinama nyuma: hiki ni kichwa cha habari, huu ni ubeti, hili ni tanbihi. Kichwa kiwe kikubwa kiasi gani, ubeti usogee wapi, maandishi yatoke kulia kwenda kushoto au kushoto kwenda kulia, hayo yamo katika mafaili mengine kabisa, mengi yao yakiishia kwa .sty. Faili lako linayaita kwa majina tu, kwa amri ya \usepackage. Mashine inapofika kwenye jina inakwenda rafuni kulitafuta. Isipolikuta, haijaribu kubahatisha umbo na kuendelea. Inasimama na kuuliza.

Mgawanyo huu una historia yake. Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipokea kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake The Art of Computer Programming. Toleo la zamani lilikuwa limepangwa kwa herufi za risasi. Hili jipya lilipangwa kwa mitambo ya picha, na Knuth aliliona baya kiasi cha kumtia uchungu. Akaamua kuandika programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa. Toleo la kwanza la TeX lilikuwa tayari mwaka 1978, akaliandika upya mwaka 1982. Alidhani ni kazi ya muda mfupi, ikamla takriban miaka 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Leslie Lamport akajenga juu ya TeX safu nyingine ya amri, akaiita LaTeX, na kitabu chake cha kuifundisha kikatoka mwaka 1986. Wazo la Lamport lilikuwa kwamba mwandishi aseme kitu ni nini, na kionekaneje aachiwe mtindo.

Ni wazo zuri, na ndilo lililolizaa tatizo langu la barazani. Andiko likishagawanywa vipande viwili, kipande kimoja kinaweza kusafiri na kingine kikabaki nyumbani.

Katika miaka ya 1980 mafaili ya mtindo yalizagaa vyuoni. Mtu wa fizikia aliandika la kwake, mtu wa isimu la kwake, wakapeana kwa mikanda ya sumaku na kwa mitandao michache iliyokuwepo. Majina yalifanana, matoleo yalitofautiana, na makala iliyotoka vizuri chuo kimoja iligoma chuo cha pili. Mwaka 1992 watu wachache, wakiwemo Rainer Schöpf, Sebastian Rahtz na George Greenwade, walianza kuyakusanya mafaili hayo kwenye hazina moja, CTAN. Vituo vyake vikuu vya mwanzo vilikuwa vitatu: Stuttgart Ujerumani, Aston Uingereza, na Chuo Kikuu cha Sam Houston kule Texas. Mwaka 1994 LaTeX yenyewe ikapangwa upya. Aina ya andiko ikapewa faili lake la .cls, na .sty ikaachiwa nyongeza. Ndiyo maana ukikuta leo andiko la miaka ile linaloanza kwa \documentstyle, nusu ya majina linayoyaita ni ya mafaili ambayo hakuna tena anayeyatunza. TeX ya Knuth bado inasoma andiko la mwaka 1985 bila kinyongo. Kinachokosekana ni jamaa zake.

Halafu, mwaka 1996, kikaja TeX Live, mkusanyiko mzima ndani ya diski. Hapo ndipo jiografia ilipoanza kunihusu. Kwa aliye karibu na Stuttgart, faili lisiloonekana lilikuwa jambo la dakika. Kwa mtu wa kisiwani, hazina ilikuwa ng'ambo ya bahari, na njia ya kuifikia ilikuwa mtu anayesafiri na diski mfukoni. Pemba yenyewe iliendesha umeme wake kwa majenereta mpaka mwaka 2010, ulipovutwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Mkusanyiko uliokuwemo ndani ya kompyuta yangu niliupata kwa njia hiyohiyo ya zamani: rafiki alinipa kwenye flashi, miaka kadhaa nyuma, akiwa ameacha "visivyo muhimu" ili vitoshee. Herufi za Kiarabu zilikuwa miongoni mwa visivyo muhimu.

Lakini umbo kukaa mbali na neno ni jambo la zamani kuliko kompyuta, na katika visiwa vyetu lilianzia kwenye kasha la mbao. Wamishonari wa UMCA walihamia Unguja mwaka 1864, wakiongozwa na Askofu Tozer, na pamoja naye alikuwepo Edward Steere, aliyeujua ufundi wa chapa. Mwaka 1867 kitabu chake kidogo cha mkusanyo wa maneno ya Kisambaa kilichapwa hapohapo Unguja. Mpanga herufi alisimama mbele ya kasha lenye vijumba, kila kijumba na herufi yake ya risasi, akaokota moja moja. Herufi hizo huuzwa kwa hesabu ya lugha fulani. Ukipanga Kiswahili kwa kasha lililohesabiwa kwa Kiingereza, a, k na w zinaisha huku e bado zimejaa. Kazi inasimama katikati ya mstari. Mpangaji atasubiri, au atavunja ukurasa uliokwisha kuchapwa apate herufi zake.

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliweka matbaa ya pili Unguja, hii ya herufi za Kiarabu. Ilichapa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi, na kikubwa kuliko vyote ni juzuu za Qamus al-Sharia. Kwa Kiarabu kasha hilo lilikuwa kamili. Kwa Kiswahili lina matatizo, kwa sababu kasha lililotengenezwa kwa ajili ya Kiarabu halina sababu ya kuwa na p, wala ch, wala v. Hapa hakuna herufi iliyokwisha. Kijumba chenyewe hakikuwekwa.

Watu wa kalamu walilitatua hilo zamani kwa kutolitatua. Katika hati nyingi za kale za Kiswahili, bā moja inasimama kwa b, kwa p, na kwa mb. Fā inasimama kwa f na v. Ghaini inabeba g, ng na ng'. Irabu tano zinajibana ndani ya alama tatu. Anayeijua lugha anasoma moja kwa moja, kwa kuwa maana inamwongoza. Asiyejua muktadha anapapasa. Na umbo la utenzi halikuwa na haja ya faili la pembeni, kwa sababu lilikuwa mkononi mwa mwandishi. Alijua kipande kinaishia wapi, akaweka alama ndogo ya kutenga, nyingine zenye umbo kama moyo uliopinduliwa. Hivyo ndivyo Pemba ilivyohifadhi washairi wake. Kamange na Sarahani, ambao mpaka leo vijana wa Chake Chake wanatajiwa majina yao katika mabishano ya nani alimshinda nani, waliishi mikononi mwa wanakili na vichwani mwa wasomaji. Mwaka 2011 ndipo kazi zao zilipotoka Dar es Salaam katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Kwa herufi za Kilatini.

Daftari la babu limeandikwa kwa mtindo huohuo wa bā moja kwa kazi tatu. Tulihitaji kurasa zenye herufi kubwa za Kiarabu, kwa kuwa mjomba alisoma chuoni na hati hiyo ndiyo ya mikono yake. Ukimpa Kilatini anasoma, lakini anasoma kama anayehesabu hatua. Ndiyo sababu nilirudi kwenye lile faili badala ya kuukwepa mtego wote.

Niliandika X, nikatoka. Jambo la kwanza kukagua ni tahajia. Kwenye Linux, Bidi na bidi ni mafaili mawili. Kwenye Windows ni moja, na watu wengi wanaopokea andiko kutoka Windows huangukia hapo. Tahajia ilikuwa sawa. La pili ni kuuliza kama faili limo ndani ya mashine lakini limekaa mahali pasipotafutwa. Amri ya kpsewhich hufanya hivyo: unaitajia jina, inakujibu njia ya kulifikia. Kwangu ilirudisha mstari mtupu. Halikuwemo.

Nikatoka uani penye mtandao, nikapakua furushi la arabxetex kutoka CTAN, nikachomoa lile faili la .sty nikaliweka folda moja na utenzi. Hapa pana mtego unaowachosha wengi. Mafurushi mengi ya CTAN ukiyafungua hukuti .sty ndani, unakuta.dtx na .ins, na inabidi uipitishe LaTeX kwenye lile la .ins ndipo .sty izaliwe. Wengine wanaliweka faili kwenye mti mkuu wa TeX na bado halionekani, kwa sababu mashine haipekui kila folda kila siku. Ina daftari lake la majina, na daftari hilo lazima lisasishwe kwa mktexlsr. Yote hayo niliyapita salama. Nikaendesha tena.

Sasa halikuonekana bidi.sty.

Faili la mtindo nalo huita mengine. Nikaleta bidi, ambayo ndiyo inayogeuza ukurasa uanzie kulia, nayo ikaita mafaili yake. Kufikia alasiri ya siku ya pili nilikuwa nimefukuza majina sita, bando linayeyuka, na mjomba ameshazoea kuuliza "leo jina la nani?" kila anapopita kwenda kusali. Mwisho nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nikanunua bando la usiku, nikapakua mkusanyiko mzima wa TeX Live, gigabaiti kadhaa, nikalala huku kompyuta inafanya kazi. Siku ya tatu asubuhi kosa lilikuwa moja tu, fonti, na hiyo binamu alinitumia kwa dakika mbili. Yeye alikuwa amefanyia kazi Overleaf, mtandaoni, ambako mkusanyiko mzima umeshawekwa. Kwa hiyo hakuwahi kuona kwamba andiko lake lilikuwa linaegemea mafaili yote hayo. Kama angeweka amri ya \listfiles mwanzoni mwa andiko, mashine ingemwandikia orodha ya kila faili lililoitwa pamoja na toleo lake, naye angenitumia orodha hiyo. Sikumlaumu. Mwenye nyumba haoni nguzo mpaka zihesabiwe.

Nikiwa nasubiri kurasa zitoke, nikafungua mwongozo wa arabxetex kwa udadisi. Aliyeiandika ni François Charette, akijenga juu ya XeTeX ya Jonathan Kew ya mwaka 2004 na juu ya kazi ya Klaus Lagally wa Stuttgart, ambaye ArabTeX yake ni ya tangu mwaka 1992. Inakuwezesha kuchapa kwa herufi za Kilatini za kibodi ya kawaida, nayo ikageuza kuwa herufi za Kiarabu kwa kufuata kanuni za lugha uliyoitaja. Lugha zenyewe zimeorodheshwa. Kiarabu, Kifarsi, Kiurdu, Kisindhi, Kipashto, Kikashmiri, Kikurdi, Kituruki cha Osmania, Kiuighuri. Kimalei kimo, kwa hati yake ya Jawi. Kiswahili hakimo.

Nilirudia orodha mara mbili. Siku tatu nilikuwa nalitafuta faili lililokuwepo duniani ila halikuwepo Wete, na nilipolipata likanionyesha jingine ambalo halimo katika hazina ya Stuttgart wala ya Texas, kwa sababu hakuna aliyeliandika humo. Mashine inatumia maneno yaleyale kwa kukosekana kwa aina mbili. Kile kijumba cha p kwenye kasha la Kiarabu kilikuwa kukosekana kwa aina hii ya pili.

Haikuwa hasira, kwani sina wa kumkasirikia. Lagally na Charette waliandika walichokijua na wakakitoa bure. Wamalei waliingia kwa kuwa mtu aliikumbuka Jawi. Na kwa upande wetu wapo waliofanya kazi: marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa aliyeipangia hati ya Kiswahili kanuni zake, na Kevin Donnelly aliyetengeneza Andika!, zana huru za kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kugeuza hati moja kwenda nyingine. Herufi zenyewe siku hizi si tatizo. Yunikodi ina p ya nukta tatu, ina ch, ina v. Binamu yangu alizichapa moja moja kwa mkono, akiipita ile meza ya lugha kwa pembeni kwa kuiambia mashine kwamba maandishi yako tayari. Lakini hapo ndipo palipokuwa na kazi ambayo faili lolote lisingemfanyia: kila alipoikuta bā ya babu, ilimbidi aamue mwenyewe ni b, p au mb.

Nilipeleka kurasa duka la kutoa kopi pale Wete, zikatoka kurasa 41, herufi kubwa kama za ubaoni. Mjomba alikaa barazani jua likimpiga begani, akashika karatasi karibu na jicho la kulia. Alisoma kwa sauti, kwa mahadhi aliyofundishwa, haraka kuliko nilivyotarajia. Ukurasa wa tatu akasimama.

"Nani kaandika pata hapa?"

"Binamu, mjomba. Daftarini ni bā na tā. Aliona pata inaleta maana."

"Inaleta maana kwa mtu wa Muscat." Akaicheka kidogo. Akaurudia ubeti mara mbili, mara ya kwanza na bata kwa dhihaka, kidole kinapiga mizani kwenye goti. "Mzee alikuwa anauza nazi. Hii ni mbata. Anasema mali yake ilikauka kama mbata, na wewe unamwambia apate."

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika mīm kabla ya bā. Mjomba alikuwa ameshafika kwenye ubeti unaofuata, na hapo pia alisimama.